Namna ya kulifuatilia neno "ov" katika Biblia ya Kiebrania

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version akikutana na "mwenye pepo wa utambuzi" katika 1 Samweli 28, kisha "mtu apandishaye pepo" katika Kumbukumbu la Torati 18, hana njia ya kujua kwamba nyuma ya maneno hayo mawili lipo neno moja la Kiebrania, tena fupi, la herufi tatu: alefu, vavu, beti. Linasomwa "ov", na wingi wake ni "ovot". Wala hawezi kujua kwamba "mchawi" anayetajwa pembeni yake si yule mchawi wa Kutoka 22:18. Kulifuatilia neno hili ni kazi ya jioni mbili, na anayetaka kufundisha somo la uchawi aifanye kabla hajasimama mbele za watu. Huku kwetu neno "mchawi" likitamkwa mahali pasipostahili, mtu anaweza kupoteza uhai.

Vifaa vya kuandaa

Chukua Union Version ya 1952, tafsiri nyingine moja ya Kiswahili chepesi, daftari, na Biblia ya Kiebrania yenye tafsiri chini ya kila neno. Hii ya mwisho si lazima uinunue. Blue Letter Bible na STEP Bible zinafunguka bure kwenye simu. Usiogope kwamba hujui Kiebrania. Utatumia namba za Strong, ambazo zimempa kila neno la Kiebrania namba yake. Ov ni H178. Mwenzake "yideoni", neno linalotokana na kitenzi cha kujua, ni H3049. Kitenzi cha kufanya uchawi, ambamo limetoka neno la "mwanamke mchawi" wa Kutoka 22:18, ni H3784. Andika namba hizo tatu juu ya ukurasa wa kwanza.

Usianze kwa kutafuta "pepo" katika Biblia ya Kiswahili. Utaletewa rundo la mistari ya pepo wachafu wa Injili, ambao hawahusiani na ov, na utaikosa mistari ambamo ov limetafsiriwa kwa neno jingine. Tafuta kwa namba, si kwa neno la Kiswahili. Jihadhari pia na hesabu ya mistari: Kutoka 22:18 ya Kiswahili ni 22:17 katika Biblia za Kiebrania. Ukiona mstari haufanani na wako, tazama mmoja juu au mmoja chini kabla hujadhani kwamba programu imekosea.

Kukusanya mistari

H178 inatokea mara 17, katika mistari 16: Walawi 19:31, 20:6 na 20:27, Kumbukumbu la Torati 18:11, 1 Samweli 28:3, 7, 8 na 9 (mstari wa 7 mara mbili), 2 Wafalme 21:6 na 23:24, 1 Mambo ya Nyakati 10:13, 2 Mambo ya Nyakati 33:6, Isaya 8:19, 19:3 na 29:4, na Ayubu 32:19. Yideoni inatokea mara 11, na kila mara iko pamoja na ov. Haipo hata sehemu moja inayosimama peke yake. Obothi, kituo cha safari ya jangwani katika Hesabu 21 na 33, kina herufi hizohizo lakini ni jina la mahali na kina namba yake, kwa hiyo kiache.

Katika daftari, chora mistari ya wima upate safu nne: rejea, kitenzi kinachoambatana na ov, ov yenyewe ni nini hapo (mtu, roho au kitu), na maneno ya jirani. Safu ya tatu ndiyo itakayokutesa, na ndiyo yenye utajiri.

Mtu, roho au kitu?

Anza na Walawi 20:27. Kiebrania kinasema kwa ukaribu zaidi: mwanamume au mwanamke ambaye "ndani yao" mna ov. Kwa hiyo hapa ov imo ndani ya mtu, si mtu mwenyewe. Nenda 1 Samweli 28:7. Mwanamke wa Endori anaitwa "baalat ov", yaani mwenye ov, aliye nayo na kuitawala. Hapa Union Version imepatia, maana "mwenye" yetu inafanya kazi ileile. Isaya 29:4 inaisikia ov kama sauti itokayo ardhini: hiyo ni roho ya aliyekufa, inanong'ona toka mavumbini. Katika Walawi 19:31 watu wanakatazwa kuzigeukia "ovot", na hapo inaweza kuwa roho au watu wanaozipandisha.

Kisha fungua 2 Wafalme 21:6. Union Version inasema Manase alijishughulisha na wenye pepo wa utambuzi. Kitenzi cha Kiebrania ni "asa", kufanya au kutengeneza: Manase "alifanya ov". Mtu hafanyi roho. Ama aliweka watu wa kazi hiyo, ama alitengeneza kitu. Katika 23:24 Yosia anaziondoa ovot pamoja na vinyago na sanamu, kana kwamba ni vitu vinavyoshikika mkononi. Andika "kitu?" na uiache alama ya kuuliza. Neno moja kubeba maana hizi zote si ajabu kwa Mswahili. Mtu wa pwani akisema "pepo kapanda", kisha "huyu ana pepo", kisha "ngoma ya pepo", neno ni lile moja linalohama kutoka kwa roho hadi kwa mtu hadi kwenye shughuli yake.

Lakini hapohapo pana shimo. Pepo wa pwani, yule anayepandishwa kichwani kwa ngoma na uvumba huku mgonjwa akiitwa kiti, kwa kawaida si mtu aliyekufa. Waliokufa ni mizimu. Wamijikenda huwaita koma. Ov ya Biblia iko upande wa mizimu. Angalia majirani zake: katika Kumbukumbu la Torati 18:11 orodha inaishia kwa "awaombaye wafu", katika Isaya 8:19 swali ni kwa nini kuwaendea wafu kwa ajili ya walio hai. Kwa hiyo "apandishaye pepo" inampeleka msomaji wa Mombasa au Unguja kwenye ngoma ya uponyaji, wakati Kiebrania kinasema "aulizaye ov", mtu anayetafuta habari kwa marehemu. Ukitaka Kiswahili kilicho karibu zaidi, sema "aulizaye mizimu".

Asili ya neno, na mahali pa kusimama

Wasomi wamependekeza njia kadhaa. Wapo wanaolitazama Ayubu 32:19, ambapo Elihu anasema tumbo lake ni kama viriba vipya vilivyo karibu kupasuka, na "viriba" hapo ni ovot; wanaona mtu aliyejaa roho kama kiriba kilichojaa mvinyo. Wapo wanaolihusisha na "av", baba, kwa sababu wingi wa maneno yote mawili unaweza kuandikwa kwa herufi zilezile, na irabu za Kiebrania ziliongezwa na Wamasora, wanakili wa Kiyahudi, karne nyingi baadaye. Harry Hoffner, katika makala ya 1967, alilinganisha ov na neno "api" la maandiko ya Wahiti, taifa la kale la Anatolia (Uturuki ya leo), shimo lililochimbwa ili kushushia sadaka na kuwaita wa chini. Hilo la shimo linakaa vizuri na sauti ya Isaya 29 itokayo ardhini, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko mengine, ingawa haliielezi ov iliyo "ndani" ya mtu.

Andika mapendekezo hayo, kisha usijenge fundisho juu yake. Asili ya neno si maana yake. Treni ya umeme iendayo Dodoma haina moshi hata kidogo, na bado wapo wanaoiita gari moshi.

Watafsiri wa kale nao walichagua. Wale wa Kigiriki, mara nyingi, waliandika "engastrimythos", mwenye kusemea tumboni. Kilatini cha Vulgata, tafsiri ya kale ya Kanisa la Magharibi, kikasema mwanamke wa Endori ana "python", jina lililetalo mbele yetu yule kijakazi wa Matendo 16:16 mwenye pepo wa uaguzi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi wa Kiyahudi, katika Sanhedrini 7:7, inasema mwenye ov husemea kwapani na yideoni husema kwa kinywa chake. Wote hao walikuwa wakieleza mambo ya siku zao. Wape safu yao pembeni, usiwachanganye na Kiebrania.

Vitenzi

Rudi kwenye safu ya pili, maana hapa ndipo Biblia inaposema inachokataa. Kugeukia, kutafuta, kuuliza, kuandama kwa kuzini. Karibu kila kitenzi kinamhusu anayekwenda, yaani mteja. Walawi 20:6 inatumia lugha ya uzinzi: mtu mwenye agano na Mungu amekwenda kwa mwingine. Isaya 8:19 inawataja "waliao kama ndege na kunong'ona", na kitenzi cha kunong'ona hapo, "haga", ndicho kilekile cha Zaburi 1:2, ambapo mwenye haki huitafakari sheria mchana na usiku. Mdomo unatembea vilevile; kinachotofautiana ni anayeulizwa.

Sauli ndiye mfano uliokamilika. Kuuliza kwa Kiebrania ni "shaal", na jina lake, Shaul, limetoka humo. Katika 28:6 anamwuliza BWANA asijibiwe kwa ndoto, wala kwa Urimu (kura takatifu ya makuhani), wala kwa manabii. Usiku anakwenda Endori, kaskazini ya Shunemu walikopiga kambi Wafilisti, naye ametoka Gilboa, kwa hiyo amemzunguka adui ili akaulize. Na 1 Mambo ya Nyakati 10:13 inasema alikufa, pamoja na makosa mengine, kwa kuuliza ov. Ondoa irabu uone: Shaul, jina la mfalme, na Sheol, kuzimu, yanaandikwa kwa herufi nne zilezile.

Hapa utaulizwa: je, alikuwa Samweli kweli? Matini inamwita Samweli bila kusita, na mwanamke anapiga kelele amwonapo. Yoshua bin Sira 46:20, kitabu kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki, inakubali kwamba Samweli alitabiri baada ya kufa. Origen, mwalimu wa Kanisa la kale, alisema ni yeye. Askofu Eustathius wa Antiokia akamwandikia kitabu kizima cha kumpinga. Askofu Gregory wa Nyssa akasema ni pepo aliyejifanya. Waadventista leo wako upande huo wa mwisho. Eleza misimamo hiyo kwa majina, kisha waoneshe wanafunzi kile ambacho matini haisemi: ov haijibu neno hata moja katika sura nzima.

Tatizo la neno "mchawi"

Sasa weka Kumbukumbu la Torati 18:10-11 kando ya Kutoka 22:18, ukitumia namba. Katika Kutoka, H3784 imekuwa "mwanamke mchawi". Katika Kumbukumbu, kitenzi hichohicho kimekuwa "msihiri", na "mchawi" amepewa yideoni, yaani mjuzi, mtu aendewaye kwa habari za siri. Kwa hiyo Kiebrania kimoja kina Kiswahili mbili, na "mchawi" mmoja anabeba Kiebrania mbili. Msikilizaji hasikii mjuzi wala msihiri. Anasikia yule jirani anayesemwa kuroga usiku.

Wala mwanamke wa Endori haitwi mchawi katika Kiebrania. Anaitwa mwenye ov. Sura inamwonesha akichinja ndama wake aliyenona na kuoka mikate isiyotiwa chachu ili mfalme asiyekula mchana kutwa apate nguvu. Kumwita "mchawi wa Endori" ni desturi ya vichwa vya masomo.

Usifiche kwamba Walawi 20:27 inaamuru kifo kwa mwenye ov. Soma na Kumbukumbu la Torati 17:6 palepale: mashahidi wawili au watatu, na mahakama ya Israeli ya kale. Katika sheria hizo hakuna mahali ambapo mtuhumiwa anatajwa kwa ndoto au kwa ramli. Na katika orodha ileile ya sura ya 18, wa pili, baada ya ampitishaye mwanawe motoni, ni "mtu atazamaye bao". Huyo ndiye mpiga ramli. Vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, wazee waliochomwa Kisii na kushambuliwa Kilifi, baadhi yao walitajwa kwanza na mtu wa aina hiyo, kwa kile tunachokiita ramli chonganishi. Mstari unaosomwa kuwahukumu unamkataza pia aliyewataja.

Ukimaliza, tia penseli pembeni mwa Biblia yako. Kwenye Walawi 19:31: "pepo wa utambuzi = ov, mizimu; wachawi = yideoni, wajuzi." Kwenye Kutoka 22:18: "H3784, linganisha msihiri, Kumb 18:10." Kwenye 2 Wafalme 21:6: "alifanya ov, kitu?" Na kwenye 1 Samweli 28:7: "mwenye ov, haitwi mchawi."