Kabla akaunti haijafungwa: kuhifadhi mradi wa chanzo huria mkiwa Mtwara

Kikundi cha Mtwara kinachoandika programu ya mizani ya korosho kwa ajili ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) hakijawekewa vikwazo na nchi yoyote. Lakini msimbo wake ukikaa kwenye seva za kampuni ya Marekani, unafuata sheria za Marekani. Julai 2019 GitHub, tovuti ya Marekani ya kuhifadhi msimbo, iliwafungia watu wa Iran, Syria na Crimea hifadhi zao za faragha bila kuwapa taarifa mapema. Wairani walirudishiwa huduma Januari 2021, kampuni ilipopata leseni ya serikali. Oktoba 2024 watunzaji kadhaa wenye uhusiano na Urusi walitolewa kwenye orodha ya watunzaji wa kiini cha Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria. Msimbo walioandika ulibaki, nafasi yao ya kuutunza ikaondoka.

Anzeni na nakala kamili kwa Git, programu inayotunza historia ya msimbo: `git clone --mirror` ikifuatiwa na anwani ya hifadhi. Ingieni kwenye folda hiyo, muifunge iwe faili moja: `git bundle create korosho.bundle --all`, kisha mhakikishe kwa `git bundle verify korosho.bundle`. Faili likizidi GB 4, flashi ya FAT32 italikataa hata kama ina nafasi tele. Iumbizeni kwa exFAT. Kama mnatumia LFS (nyongeza ya Git ya kuweka mafaili makubwa kando), endesheni `git lfs fetch --all` ndani ya folda hiyo na mnakili pia folda yake ya `lfs`, kwani bundle haiichukui, la sivyo picha na data kubwa zitabaki kule kule na mtakuwa na vielekezi vitupu.

Msimbo kuuokoa ni kazi nyepesi. Kinachopotea ni vilivyouzunguka: ripoti za hitilafu, mabishano ya kwa nini uzito wa gunia tupu unakatwa hivi na si vile, maombi ya kuunganisha mabadiliko. Hivyo havimo ndani ya Git. Forgejo, programu huria ya kuendesha tovuti yenu wenyewe ya kuhifadhi msimbo, ina sehemu ya kuhamisha hifadhi inayovichukua pia. Inahitaji tokeni (ufunguo wa siri) ya akaunti yenu, nayo haifanyi kazi akaunti ikishafungwa. Fanyeni sasa. Kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 2 inaibeba Forgejo bila shida, ila iwekeeni UPS (betri ya akiba), kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika, hifadhidata huweza kuharibika.

Vifurushi vya Python ambavyo programu yenu inavitegemea navyo msivisahau; viorodhesheni kwenye `mahitaji.txt`. `pip download -r mahitaji.txt -d vifurushi` huvileta. Kusakinisha bila intaneti ni `pip install --no-index --find-links vifurushi -r mahitaji.txt`. Pakueni kwa toleo lile lile la Python na mfumo ule ule wa kompyuta ya ghalani, maana kifurushi cha Windows hakiingii kwenye Linux. Maandalizi haya yatawafaa hata nyaya za baharini zikikatika, kama Mei 2024.

Umiliki wa mradi uwe na watu wawili au zaidi, kila mmoja na akaunti yake. VPN ya kuficha mlipo tusiipendekeze: ikionekana mnaingia kutoka nchi iliyowekewa vikwazo, mtajiletea kufungiwa msikostahili. Mchangiaji wa Tehran anaweza kutuma kiraka chake (faili la mabadiliko ya msimbo) kwa barua pepe, mkakipokea kwa `git am`. Lakini kama mna fedha za mfadhili wa Marekani au Ulaya, someni kwanza mkataba wake.

Mwezi Septemba, kabla ya msimu wa minada, mpeni flashi mwenzenu ambaye hakuiandaa, pamoja na kompyuta tupu isiyo na mtandao. Afungue bundle, asakinishe, apime gunia moja. Atakapokwama, andikeni kilichokosekana na mkiongeze kwenye flashi siku hiyo hiyo.