Kuprinti meseji ndani ya keneli bila kugandisha mashine

Kwanza sahau printf ya C, ndani ya keneli ya Linux (kiini cha mfumo) haipo, huku ni printk, ila siku hizi wengi tunaandika pr_err, pr_warn au pr_info maana leveli ya uzito wa meseji inakuja yenyewe (ziko 8, kuanzia 0 mpaka 7, na 0 ndo hali mbaya kabisa). Weka \n mwishoni, la sivyo mstari unaweza kuchelewa kutokea ubaki unaikodolea macho dmesg (komandi ya kusoma meseji za keneli).

Sasa panapoumiza watu ni kwenye interapti (pale kifaa kinapoikatiza CPU ili kihudumiwe). printk yenyewe unaweza kuiita humo, hailali (haiachii CPU ili isubiri kitu), lakini konsoli ya siriali (laini inayotoa meseji biti moja moja) ni kobe: kwa spidi ya biti 115200 kwa sekunde herufi moja inakula kama maikrosekunde 87, yaani mstari wa herufi 80 ni karibu milisekunde 7, na interapti ikipiga mara elfu kwa sekunde we hesabu mwenyewe. Tumia pr_warn_ratelimited, kwa kawaida inapitisha meseji 10 kila sekunde 5, zingine inazimeza.

Pointa ziprinti kwa %p, tangu Linux 4.15 inaficha anwani halisi, %px inaionyesha, hivyo ni ya kudibagi tu, itoe kabla hujatuma kodi. Na stringi iliyoko kwenye memori ya yuza (ya programu za kawaida, nje ya keneli) usiipe %s moja kwa moja, ikopi kwanza kwa strncpy_from_user na uangalie imerudisha nini.