Fundi cherehani Mkristo na tarehe anazowapa wateja

Likisomwa lile neno la Waefeso 5:16, "mkiukomboa wakati", wengi tunawaza kuamka alfajiri na kupunguza simu. Ni vizuri. Lakini kwetu sisi mafundi cherehani, wakati unaoteketea zaidi ni wa mteja: anapanda daladala mara ya tatu kufuata gauni ambalo hata halijakatwa. Mabinti wanaojifunza kazi kwangu hapa Morogoro nawaanzisha hapo.

Kwanza jua kasi yako. Shona gauni moja la kitenge lenye bitana, tangu kukata hadi kupiga pasi, huku ukitazama saa, uandike. Fanya hivyo kwa shati, kwa suruali, kwa sketi ya sare. Usikadirie kichwani, kila fundi anajiona mwepesi kuliko alivyo. Ongeza na muda wa umeme kukatika, maana ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa) na pasi vitasimama.

Kisha chukua daftari. Kabla ya jina la mteja yeyote, piga mstari kwenye Jumapili na kwenye saa za jumuiya. Acha wazi alasiri moja kila wiki kwa ajili ya marekebisho, na kwa ajili ya msiba, kwa sababu msiba haupigi hodi.

Tarehe ya kuchukua nguo iandike mteja akiwa amesimama mbele yako, kabla hujapokea kitambaa. Siku ikijaa imejaa, hata akija mke wa mchungaji. Mwambie, "Dada, wiki hii sitaweza, labda Alhamisi ijayo. Kama unawahi harusi, jaribu kwa fundi wa pale jirani." Kuiacha hela iondoke kunauma, najua. Lakini Yesu aliposema ndiyo yetu iwe ndiyo (Mathayo 5:37), hakuwatoa mafundi.

Na hili nawasihi sana: tusijifiche nyuma ya "Mungu akipenda". Yakobo 4:15 anatufundisha kusema hivyo kwa kuwa uhai si wetu. Ukiyatamka maneno hayo huku unajua kitambaa cha mteja bado kimo ndani ya mfuko, hakijakatwa, unamsingizia Mungu uchelewaji wako. Ukiona hutawahi, piga simu siku moja kabla, mteja akiwa bado nyumbani kwake.

Kuhusu sala ya asubuhi sina mengi. Mithali ina sura 31. Soma ya tarehe ya leo kabla ya kutia uzi, halafu waombee kwa majina wateja wa siku hiyo kutoka kwenye daftari. Ukishamwombea mama fulani asubuhi, ni vigumu kumdanganya jioni.

Kazi ya sadaka nayo ipe tarehe. Katika Matendo 9:39 wajane wa Yafa walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizoshona Dorkasi, yule mwanamke aliyejaa matendo mema na sadaka. Zilikuwa nguo zilizokamilika, si ahadi. Sare ya mtoto yatima isiwe ndiyo inayosogezwa kila anapotokea mwenye fedha.

Desemba ndiyo ngumu, nguo za Krismasi zinapogongana na sare za Januari. Waambie wazazi walete vitambaa vya sare tangu Novemba, uvikate mapema. Ikifika wiki ya pili ya Desemba, acha kupokea nguo za sikukuu na ubandike tangazo mlangoni.