Ukaguzi wa umeme kabla ya mpangaji mpya kuingia
Mwenye nyumba za kupanga hapa Nairobi, mpangaji anapohama usiishie kupaka rangi tu, bali mwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayodhibiti nishati na petroli, akague nyumba kabla hujamkabidhi mwingine funguo. Aanzie kwenye shawa ya umeme, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa mtu husimama chini yake akiwa amelowa: apime kama waya wa ardhini umeunganishwa sawasawa, na kama swichi ya miliampia 30 inayokata umeme unaovuja hujizima kitufe chake cha majaribio kinapobonyezwa. Soketi iliyobabuka kando ya matundu ibadilishwe siku hiyo hiyo. Matokeo yaandikwe, na mpangaji apewe nakala.