Kabla Hujalibeba Shoka Kwenda Porini

Shoka lisilo mpini halichanji kuni, walisema wahenga, na anayejiandaa kukaa wiki mbili nyikani Karamoja, Uganda, au kwenye miteremko ya Mlima Elgon alichukue neno hilo kama lilivyo. Dukani watu hutazama kichwa: kinang'aa, ni kizito, basi wanalipa. Ilhali kichwa kibaya kitakuchosha tu, na mpini mbaya utarusha chuma cha kilo moja na zaidi usikojua. Kwa hiyo ukaguzi uanzie kwenye mti, chuma kifuate.

Geuza shoka utazame kitako cha mpini. Mistari ya nyuzi za mti inatakiwa ielekee kule makali yanakoelekea, au ipinde kidogo tu. Ikikatiza makali kama msalaba, liache hapo hapo dukani. Kisha fuata nyuzi ubavuni kwa kidole, toka kichwani hadi kitakoni. Zikichomoka pembeni kabla ya nusu ya mpini, hapo ndipo utakapovunjika, na utavunjika siku unayopiga kwa nguvu. Fundo dogo karibu na kitako linavumilika. Fundo chini ya kichwa halivumiliki hata kidogo. Mpini uliopakwa rangi usiuamini mpaka uikwangue, kwa kuwa rangi huficha fundo na ufa. Vanishi nayo iondoe kwa kipande cha kioo, maana inateleza mkono ukitoka jasho na ndiyo inayoleta malengelenge.

Ukiamua kuchonga mpini mwenyewe, mkole ni mti mzuri: mgumu, unapinda bila kukatika, na wenyeji wa sehemu nyingi wanautumia kwa mipini na pinde. Mkaratusi unapatikana kila mahali na unafaa, ila uchukue kipande kilichopasuliwa kutoka kwenye gogo lililonyooka, kisiwe kilichokatwa kwa msumeno. Mpasuko hufuata nyuzi, msumeno hauzijali. Kikaushe kivulini miezi miwili au zaidi. Wengi wana haraka, wanatia mpini mbichi, na wiki tatu baadaye kichwa kinacheza. Mti mbichi hupungua unapokauka na tundu la chuma halipungui.

Kutia mpini kwenyewe ni kazi ya nusu saa ukiwa na nyundo ya mti, msumeno na kisu. Pasua ncha ya mpini kwa msumeno hadi theluthi mbili ya kina cha tundu. Ingiza kichwa kwa mkono, halafu shika shoka kichwa kikiwa chini, kikining'inia hewani, ugonge kitako cha mpini. Utakiona chuma kinapanda chenyewe juu ya mti kila pigo, kwa sababu uzito wake unakifanya kibaki nyuma mpini unaposhuka. Acha milimita 5 za mti zichomoze juu ya tundu. Mwisho gonga kabari ya mti mgumu, mkavu kabisa, kwenye mpasuo ule wa msumeno hadi ikatae kuingia. Milimita hizo zilizochomoza ndizo zinazotanuka kama kofia na kukizuia kichwa kisitoke, kwa hiyo usizikate zikawa sawa na chuma kwa ajili ya urembo.

Kiangazi cha Karamoja, hasa Desemba hadi Februari, hulegeza hata mpini uliotiwa vizuri. Dawa ya kijijini ni kulaza shoka kwenye ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi kweli limekaza. Lakini mti uliovimba ndani ya chuma hubanwa, nyuzi zake zinapondeka, na ukikauka tena unalegea kuliko mwanzo. Afadhali kupaka mafuta ya kitani mara kadhaa kabla ya safari, ukizidisha pale kwenye ncha iliyo juu ya tundu. Ukiyakosa, ya alizeti yatasaidia ingawa yanakauka polepole. Mawese au moyao (mafuta ya shea) hayakauki, yataacha mpini unateleza.

Sasa kichwa. Kwa kambi ya watu wawili hadi wanne, inayohitaji kuni na nguzo chache, kichwa cha kilo 1 hadi 1.5 chenye mpini wa sentimita 65 hadi 70 kinatosha. Vishoka vya mkono mmoja, vile vya gramu 600, vinauzwa kama vyepesi na salama kwa mgeni. Wepesi ni kweli, usalama si kweli. Shoka refu likikosa gogo huishia ardhini mbele yako. Kishoka kikikosa, safari yake inaishia kwenye goti au muundi. Ukikitumia, piga magoti chini, gogo likiwa mbele yako.

Vichwa vingi imara hapa Uganda ni kazi ya wahunzi wanaofua spring za magari, kama wale wa Katwe jijini Kampala. Mwambie unataka embazzi, yaani shoka kwa Kiganda, na atakuelewa mara moja. Chuma cha spring ni kizuri, kasoro huja kwenye kukitia ugumu. Nenda na tupa ndogo, uiburute kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitamenyeka kwenye mti mkavu. Ikila kama inakata risasi, makali yatajikunja siku ya kwanza. Unachotaka ni tupa inayong'ata kwa shida. Kisha ning'iniza kichwa kwa kamba ukigonge kwa msumari: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti iliyokufa kina ufa.

Shoka la asili, ambalo mkia wa chuma umepenyezwa kwenye rungu la mpini, halistahili kudharauliwa. Kila pigo linazidi kulikaza, na mpini mpya unachongwa porini bila kabari. Udhaifu wake ni rungu kupasuka, basi likague kila asubuhi.

Kunoa kufanyike nyumbani, porini uwe unagusagusa tu. Bana kichwa kisitikisike, vaa glavu, sukuma tupa upande mmoja, inua unaporudi. Tupa hukata ikienda, ukiiburuta kurudi unaiua bure. Kwa kukata, pande mbili zikutane kwenye pembe ya nyuzi 25 hivi. Kwa kupasua tu, 30 hadi 35. Malizia kwa jiwe na maji mpaka usione mstari unaomeremeta kwenye ncha ya makali ukiyaelekeza kwenye mwanga. Mstari huo ndio ubutu. Mashine ya kusagia chuma ya mtaani iepuke, au chovya kichwa kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka buluu, ugumu wake umekwisha.

Ala tengeneza kwa mpira wa ndani wa tairi. Ngozi iliyolowa mvua ya Aprili hukaa na maji na kuleta kutu, kwa hiyo usilaze shoka ndani yake.

Kabla ya pigo la kwanza kambini, nyoosha shoka uzunguke nalo polepole, halafu juu ya kichwa. Kitawi chembamba kama kidole kinatosha kulipotosha. Vaa viatu vilivyofunika mguu, kandambili hazina nafasi hapa. Gogo la kupasulia liwe chini kidogo ya goti. Piga karibu na ukingo wa kuni, kwenye ufa uliopo, usianzie katikati. Mkaratusi upasue ukiwa mbichi, maana ukikauka nyuzi zake zinashikana. Gogo lililoliwa na mchwa ligonge kwanza kwa kisogo cha shoka udongo udondoke, kwani udongo ule unamenya makali kama jiwe. Ukikata gogo lililolala, mdomo wa juu wa mkato uwe na upana sawa na unene wa gogo. Ukiwa mwembamba, shoka litaanza kukwama katikati. Likikwama, usilizungushe kwa ubavu; gonga kitako cha mpini juu na chini. Mnyaa na jamii yake usiuguse, maziwa yake yakiingia machoni yanaweza kupofusha.

Suala la wapi unaruhusiwa kukata lisibaki la mwisho kufikiriwa. Sheria ya misitu ya mwaka 2003 inawaruhusu wananchi wanaoishi jirani na msitu wa hifadhi kuchukua kuni kavu na mianzi kwa matumizi ya nyumbani kwa kiasi, kwa kufuata mpango wa usimamizi wa msitu huo. Haimruhusu mgeni kuangusha mti mbichi. Ndani ya hifadhi za taifa kama Kidepo, shoka begani litakufananisha na mkata miti haramu, basi waulize askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, kabla ya kuingia nalo, na ukiambiwa uliache getini, liache.

Kwenye begi weka tupa, jiwe, kabari mbili za akiba, na vitambaa safi vya kufunga jeraha. Pigo la mguuni likitoa damu nyingi, bonyeza moja kwa moja juu ya kidonda kwa nguvu zote bila kuachia. Damu ikiruka kwa mapigo na haizuiliki, funga kitambaa kipana mguuni juu zaidi kuliko jeraha, si kwenye jeraha lenyewe, kikaze kwa kijiti hadi isimame, andika saa uliyofunga, na mgonjwa aondoke kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Namba ya boda boda wa kijiji cha karibu iandike kwenye karatasi, maana simu huisha chaji.