Konsoli ya Kaseti Imekufa: Uitengeneze au Ununue Kloni?

Kabla hujatoa hela kwa muuza kloni, yaani mashine ya kuiga, chukua mita ya kupimia umeme na bisibisi ya nyota, tenga nusu saa. Konsoli nyingi za Nintendo za miaka ya 80 (mashine za kuchezea michezo ya kaseti kwenye TV) zinazoitwa mbovu hazina ubovu kwenye chipu. Zimekosa umeme safi, au pini zake hazigusi kaseti. Magonjwa hayo mawili yanatibika kwa vipuri vya hela ndogo. Ni ugonjwa wa tatu tu, chipu kufa, unaompa mtu sababu ya kwenda dukani.

Kwanza jua una mashine gani. Famicom, ya Nintendo ya Japani, ilitoka huko Julai 1983: nyeupe na rangi ya damu ya mzee, padi zimeungwa moja kwa moja mwilini, kaseti zina pini 60. NES, ya Nintendo kwa nje ya Japani, ile ya kijivu yenye mlango mbele, iliingia Marekani 1985 na kaseti zake zina pini 72. Ila mashine ya kwenu iliyokuwa ikiitwa "TV game" miaka ya 90 huenda ilikuwa kloni ya Famicom tangu siku ya kwanza: inakula kaseti za pini 60, inatoa picha kwa waya wa AV, na padi zake huchomoka kwa plagi ya pini 9. Plagi hiyo inafanana na ya Sega lakini nyaya zimepangwa tofauti, kwa hiyo usiazime padi ya jirani.

Umeme

NES iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani huja na adapta ya volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi ya volti 230 au 240, transfoma yake itaungua, hata kama ulitaka kuona taa tu. Adapta hiyo hutoa volti 9 AC, ampea 1.3. Ndani ya NES ya mlango mbele kuna daraja la dayodi, linalogeuza AC (umeme wa kwenda na kurudi) kuwa DC (wa mwelekeo mmoja), kwa hiyo adapta ya DC ya volti 9, ampea 1.3 au zaidi, yenye plagi ya milimita 5.5 kwa 2.1, inafanya kazi vizuri, na haijalishi chanya iko katikati au nje.

Famicom haina daraja hilo. Inataka volti 10 DC, miliampea 850, na katikati ya plagi pawe hasi. Ukiichomeka adapta ya AC ya NES, unaiua. Kwa kloni, soma kibandiko cha chini. Kikiwa kimefutika, fungua mashine, weka mita kwenye mlio, gusisha pini ya katikati ya soketi ya umeme na mguu wa kati wa regyuleta ya 7805, kipuri kinachoshusha umeme hadi volti 5. Ikilia, katikati ni hasi.

Hiyo 7805 ndiyo kipuri cha kupima kabla ya kingine chochote. Ina miguu mitatu na imefungwa kwenye bati la kupoza. Ukiitazama upande wenye maandishi, miguu ikiwa chini, wa kushoto unaingiza umeme, wa kati ni hasi, wa kulia unatoa volti 5. Washa mashine, ncha nyeusi ya mita iwe mguu wa kati, nyekundu iwe wa kulia. Kati ya volti 4.75 na 5.25, endelea na mengine. Kushoto kukiwa na volti 7 au zaidi na kulia hakuna kitu, gusa bati haraka kwa kidole. Likiwa baridi, 7805 imekufa. Ibadilishe, paka krimu ya kupitisha joto, funga skrubu iliyokaza. Likiwa linaunguza ndani ya sekunde chache, kuna shoti mbele yake kwenye bodi, na 7805 mpya haitasaidia mpaka shoti ipatikane.

Mistari minene inayopanda polepole kwenye picha, au mlio wa kuvuma kwenye spika, mara nyingi ni kapasita kubwa ya umeme. Kwenye NES ni ya mikrofaradi 2200, volti 25. Ukikosa ya volti 25 weka ya 35, lakini usiweke ya 16. Mstari mweupe ubavuni ni upande hasi. Ukikosea upande huo, itapasuka.

Taa nyekundu inayopepesa

Huu ndio ugonjwa maarufu wa NES, na watu wengi hudhani ni umeme. Sivyo. Ndani ya konsoli kuna chipu ndogo ya ulinzi inayozungumza na pacha wake aliye ndani ya kaseti. Mazungumzo yakikatika, konsoli hujizima na kujiwasha kila sekunde, basi taa inapepesa. Famicom na kloni hazina chipu hiyo.

Kinachokata mazungumzo ni soketi ya pini 72 iliyolegea au kuchafuka. Safisha kaseti kwanza: pamba ya masikio na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, futa mpaka pamba itoke nyeupe. Usipulize kwa mdomo. Mate yana unyevu na unyevu huleta kutu. Kaseti "hukubali" baada ya kupulizwa kwa sababu umeichomoa na kuirudisha. Taa ikiendelea kupepesa, fungua skrubu 6 za chini, toa bati la kinga, toa trei ya kaseti (skrubu zake si urefu mmoja, zipange kwenye karatasi kwa mfuatano), vuta soketi kutoka kwenye bodi. Ichemshe kwenye maji safi dakika 5 hadi 10, ikung'ute, iache ikauke siku nzima. Safisha na ukingo wa bodi ilipokaa.

Soketi mpya zinazouzwa mtandaoni ni za kukimbilia mwisho. Nyingi hubana kaseti kama koleo, unaichomoa kwa kuvutana nayo, na baada ya muda zinakwangua dhahabu ya kaseti. Afadhali ya zamani iliyochemshwa.

Kuna na njia ya mkato: kuinua mguu wa 4 wa chipu ya ulinzi kutoka kwenye bodi na kuuunga na hasi. Upepesaji unaisha moja kwa moja. Haiponyi pini chafu, kwa hiyo badala ya taa inayopepesa unaweza kuona picha iliyovurugika. Fanya usafi kwanza, mguu baadaye.

Chipu

Umeme uko volti 5, pini zinang'aa, kaseti tatu tofauti zimejaribiwa, na bado unaona rangi moja tupu au vipande vya picha vilivyochanganyika? Sasa washukiwa ni chipu kuu, chipu ya picha, au RAM (chipu za kumbukumbu) zake. Chipu kuu na ya picha hazitengenezwi tena. Hutolewa kwenye bodi nyingine iliyokufa. Kuchomoa chipu ya miguu 40 bila kung'oa njia za shaba ni kazi ya fundi mwenye pampu ya kunyonya lehemu na mkono uliotulia. Kama hana bodi ya kutolea, hapa ndipo kloni inaposhinda.

Kloni yenyewe inatengenezeka? Ifungue uone. Za zamani zina chipu mbili za miguu 40, mara nyingi za kampuni ya UMC ya Taiwan, na hizo zinahudumiwa kama Famicom. Za baadaye zina bodi ndogo yenye tone la gundi nyeusi, na kila kitu kimo chini ya tone hilo. Likifa, bakiza padi na waya wa AV, nyingine tupa.

Ukiamua kununua

Kloni mpya ziko za aina tatu. Za bei ya chini hutumia tone lile jeusi. Michezo mingi ya kawaida inakwenda, lakini kwenye nyingi muziki hubadilika sauti kwa sababu mawimbi mawili ya chipu yamepishana, na kaseti zenye chipu za ziada kama ya mchezo wa Castlevania III wa Marekani mara nyingi hugoma. Kloni zilizotengenezwa kwa TV za PAL, mfumo wa TV wa kwetu, huendesha mchezo kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60, yaani polepole kwa karibu asilimia 17. Kama ulikua na hiyo, konsoli halisi ya Japani itakuonekea ina haraka.

Aina ya pili, kama RetroN 5, hunakili kaseti kisha huiendesha kwa programu. Kaseti za kadi ya kumbukumbu, zile unazojaza michezo mwenyewe, haizitaki. Ya tatu hutumia chipu ya FPGA, inayopangwa ifanye kazi kama chipu za konsoli yenyewe, kama AVS ya mwaka 2016, inayotoa HDMI na kucheza kaseti karibu zote kwa usahihi. Hiyo ni ghali, na ndiyo kloni pekee ambayo ningeiweka mbele ya NES iliyotengenezwa vizuri.

Dukani nenda na kaseti yako mwenyewe. Sikiliza muziki, cheza dakika 20, shika mwili wa mashine uone inapata moto kiasi gani. "9999 kwa 1" isikutamanishe. Michezo ni michache inayorudiwa kwa majina mapya.

Jambo moja zaidi kuhusu TV. Famicom ya kwanza hutoa picha kwa antena tu, kwenye chaneli 1 na 2 za Japani, ambazo kwetu ziko kwenye masafa ya redio FM, hivyo inahitaji fundi aiwekee AV. NES ya Marekani kwenye TV ya chogo ya PAL huweza kutoka nyeusi na nyeupe. TV nyingi bapa huonyesha rangi vizuri. Lakini bunduki ya mchezo wa kuwinda bata haifanyi kazi kwenye TV bapa, iwe ya NES halisi au ya kloni, kwa hiyo kama ndiyo unayoitaka, chogo usikiuze.