Kumfundisha Mtoto Jua na Sayari kwa Kivuli, Tundu na Punje ya Ulezi

Picha ya ukutani yenye sayari nane zilizopangwa bega kwa bega humsaidia mtoto kukariri majina haraka, lakini humwachia dhana potofu kuhusu umbali, na dhana hiyo ni ngumu kuing'oa baadaye. Kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi ni afadhali kuanza na kivuli, kisha umbali, na majina yafuate. Dodoma ni mahali pazuri kwa kazi hii, kwa kuwa kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni nadra na anga huwa wazi siku nyingi.

Kabla ya yote, mtoto aelezwe waziwazi kwamba Jua halitazamwi moja kwa moja, iwe kwa miwani ya jua au kwa filamu ya eksirei, na kwa darubini ndiyo kabisa, maana mwanga wake huweza kuunguza sehemu ya ndani ya jicho bila mtoto kuhisi maumivu yoyote.

Simamisha kijiti kilichonyooka, chenye urefu wa mita moja, kwenye uwanja ulio tambarare, na kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana mtoto aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya nusu saa. Atagundua kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hakipatikani saa sita kamili, bali karibu saa sita na nusu. Sababu ni kwamba saa za Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, ilhali Dodoma iko karibu na nyuzi 36, na Dunia hutumia dakika nne kujizungusha kwa kila nyuzi moja. Zoezi hilo lirudiwe katika misimu tofauti: tarehe 21 Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini kikiwa na sentimita 57 hivi, na tarehe 21 Desemba huelekea kaskazini kikiwa na takriban sentimita 31. (Video nyingi za Ulaya husema kwamba Jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, mtoto wa Dodoma asilikariri jambo hilo.) Siku iliyo bora kuliko zote ni karibu tarehe 9 Oktoba, Jua linapopita utosini na kivuli cha kijiti kikatoweka muda mfupi kabla ya saa sita na nusu. Hali hiyo hujirudia mwanzoni mwa Machi, ila wakati huo mawingu ya masika huweza kuharibu kazi.

Mwenye chumba ambacho bati lake lina tundu la msumari, na vyumba vya namna hiyo si haba, anacho tayari kifaa cha pili. Funga madirisha mchana, na sakafuni kutaonekana duara la mwanga ambalo hubaki duara hata kama tundu lenyewe lina pembe, kwa sababu hiyo ni taswira ya Jua. Bati likiwa juu kwa mita tatu, duara huwa na upana wa karibu sentimita tatu. Mtoto alizungushie chaki, kisha arudi baada ya dakika tano. Atakuta duara limekwishatoka kabisa ndani ya mstari wake, na hapo aelezwe kwamba kinachozunguka ni Dunia.

Kwa upande wa umbali, tumieni kipimo cha sentimita moja kwa kilomita laki moja. Jua litakuwa mpira wa makaratasi wenye upana wa sentimita 14, uwekwe kwenye goli la uwanja wa mpira. Zebaki ni chembe ya mchanga iliyo mita 6 kutoka hapo, Zuhura ni punje ya ulezi kwenye mita 11, Dunia ni punje nyingine ya ulezi kwenye mita 15, na Mirihi ni chembe ya mchanga kwenye mita 23. Baada ya hapo mtoto atembee hadi mita 78 ndipo aweke Mshtarii, ambayo ni zabibu dogo. Zohali, punje ya karanga, itakuwa nje ya uwanja kwenye mita 143, na choroko mbili za Uranusi na Neptuni zitafika mita 287 na 450. Mtoto akirudi kusimama kwenye punje ya Dunia, ataona mpira ule ukiwa na ukubwa uleule wa Mwezi mpevu angani, ambao kwa macho yetu hulingana na Jua. Akiuliza nyota ya jirani iwekwe wapi, jibu ni kilomita 4,000 kutoka golini, yaani kama Cairo.

Usiku, tafuteni nukta zisizometameta kama nyota. Ile inayong'aa kupita zote upande wa magharibi baada ya machweo, au mashariki kabla ya mapambazuko, kwa kawaida ni Zuhura. Mshtarii ikionekana, darubini ya kawaida ya kutazamia wanyama mbugani, ikiegemezwa ukutani ili isitikisike, huonyesha miezi yake minne, ileile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Mtoto aichore mahali ilipo, kisha aichore tena usiku unaofuata na kulinganisha michoro yake.